Nimeachiwa seta wa Gordon na baba mkwe, niko Elgin: nianzie wapi?

MamaZai_Tanga

Wadau habari za jioni. Naandika kutoka Elgin, kaskazini mwa Uskoti. Nina jambo ambalo nikiwauliza majirani wanacheka kwanza ndipo wanijibu.

Baba mkwe amehamia kwenye makao ya wazee, na kule mbwa wa ukubwa ule hawampokei, kwa hiyo Angus kaja kwetu. Ni seta wa Gordon, aina ya mbwa wa kuwindia ndege, dume, miaka minne, kilo thelathini na mbili, mweusi tii mwenye madoa ya kahawia nyekundu juu ya macho, kifuani na miguuni. Mzee alikuwa mwindaji na alikuwa akipanda naye milimani. Mimi nimekulia Ngamiani, mbwa niliyemjua ni yule wa kulinda geti, na hata huyo nilimjua kwa mbali. Mume wangu yuko kwenye mitambo ya mafuta baharini, wiki mbili kazini wiki mbili nyumbani. Nusu ya mwezi tunabaki mimi, Zai wa miaka sita, mdogo wake wa miaka mitatu, na huyu bwana.

Nyumbani ni mpole ajabu. Anaegemea magoti ya mtu mpaka unakaribia kuanguka. Balaa ni nje. Nikimwachia kamba pale Cooper Park, akipata harufu ya bata basi mimi sipo duniani. Namwita mpaka koo linakauka, watu wanageuka, yeye hata sikio halitikisiki.

Halafu haya manyoya. Masikioni, tumboni, mkiani, nyuma ya mapaja, kote yananing'inia na kote yanazoa matope. Wifi yangu naye kanitisha kuhusu tumbo, eti mbwa hawa tumbo hujipinda wakafa usiku mmoja. Mzee alikuwa akiweka bakuli juu ya kibao kirefu, je niendelee hivyo hivyo?

La mwisho ndilo linaninyima usingizi. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa nane kukaa na sisi. Ni mtu wa swala tano na mikeka yake. Nitamwambia nini?

chuma_cha_pua

Dada muuze. Mbwa wa hivyo huko Uingereza ni pesa nzuri. Nunua kuku.

KinyoziWaMbwa_Perth

MamaZai, aliyekuambia uuze hajawahi kushika kitana. Mimi mtu wa Moshi, kazi yangu ni kuosha na kupunguza mbwa manyoya hapa Perth. Kila mwezi wa saba napanda milimani na rafiki yangu mwenye seta na pointa kuhesabu ndege kabla msimu haujafunguliwa tarehe 12 Agosti. Kwa hiyo seta nawajua mezani na nawajua porini, na nakuhakikishia utadhani ni mbwa wawili.

Nianze na huku kutosikia, maana ndiko kutakakokuletea kesi. Angus hana ukaidi wowote. Mbwa huyu kazaliwa kwenye ukoo uliochaguliwa miaka na miaka kwa kazi moja: aende mbali na mtu wake. Mbwa aina ya labrado anakaa ubavuni anasubiri ndege aanguke ndipo atumwe kumleta. Seta anatangulia mbele, mita mia na zaidi, anaukata upepo kushoto kulia kichwa kikiwa juu, kwa sababu harufu anaidaka hewani. Akiipata anapunguza mwendo, anashusha mabega, anaganda. Hapo usiangalie mguu ulioinuliwa kama kwenye picha, angalia pua. Mwili mzima umesimama, tundu za pua tu ndizo zinazofunguka na kufunga, na mate yanaanza kujikusanya pembeni mwa mdomo. Ndege yuko hapo kwenye vichaka, mita chache, wewe humuoni. Zamani kabla ya bunduki mbwa wa namna hii alilala chini kabisa, wawindaji wakavuta wavu wakaupitisha juu yake na juu ya ndege wote pamoja. Kulala huko bado kumo damuni mwake, na waliomfunza wameitia nguvu tabia hiyo.

Sasa wewe unapopiga kelele "Angus njoo! Angus!" wakati pua yake imejaa bata, unatumia lugha ambayo mzee huenda hakuitumia kazini hata siku moja. Mbwa aliyefanya kazi mlimani anaongozwa kwa filimbi na mkono, kwa sababu upepo wa kule hula sauti ya mtu. Kwa hiyo kabla hujanunua kitabu wala kumlipa mwalimu, nenda pale kwenye makao ukamuulize baba mkwe mambo haya: filimbi gani, milio mingapi ya kugeuka, milio mingapi ya kurudi, na mkono anauinua vipi kumlaza chini. Filimbi za kampuni ya Acme zina namba, na kila namba ina sauti yake isiyobadilika. Ikipotea unanunua nyingine ya namba ileile na mbwa hatofautishi. Na mzee naye atafurahi kuulizwa, usilichukulie hilo kuwa dogo.

Mpaka ujue lugha hiyo, Angus asifunguliwe mahali pasipo na uzio. Nunua kamba ndefu ya mita kumi na tano, uifunge kwenye mikanda ya kifuani. Ukiifunga kwenye kola, akifika mwisho wa kamba kwa kasi ile waweza kumuumiza shingo. Wewe vaa glavu. Siku za kukimbia kweli, kodi viwanja vya mbwa vyenye uzio, vipo siku hizi, unalipa kwa saa. Anahitaji kama saa mbili za kutembea na kukimbia kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na sehemu ya hizo mwache anuse anavyotaka. Nusu saa ya kunusa kwa utulivu inamchosha kuliko nusu saa ya kurushiwa mpira.

Kesi niliyoitaja ni kondoo. Sheria ya Uskoti iliimarishwa, na tangu tarehe 5 Novemba 2021 mbwa akisumbua mifugo, mwenye mbwa anaweza kutozwa faini hadi pauni 40,000 au kifungo hadi miezi 12. Mifugo humo ni pamoja na paa wa kufugwa na hata mbuni. Na kuna mazingira ambamo mkulima akimpiga risasi mbwa aliye katikati ya kondoo sheria inamlinda. Huko kwenu Moray kondoo wako nyuma ya kila ukuta wa mawe. Kuanzia Aprili hadi Julai ndege wanatagia chini pia, kwa hiyo hata pasipo kondoo mweke karibu.

Tumbo. Wifi yako hajakutisha bure. Seta ana kifua kirefu kwenda chini, na tumbo la mbwa wa hivyo laweza kujaa gesi kisha kujipinda, njia ya juu na ya chini zote zikafungwa, damu ikakosa pa kupita. Dalili zikariri kama namba yako ya simu: anajaribu kutapika hakitoki kitu au linatoka povu tu, mate mengi, hatulii, analala anaamka, anageuka kuangalia ubavu, tumbo limekaza. Ukiona kujikakamua kutapika bila kutapika, usimpe maji, usimpe dawa, usisubiri asubuhi. Piga simu kliniki ya dharura huku unatafuta funguo za gari. Ni suala la saa chache na tiba yake ni kisu.

Kuzuia: mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, asipewe mlo mmoja mkubwa. Akila kwa pupa nunua bakuli lenye vigingi ndani. Mpumzishe saa nzima na ushee kabla na baada ya kula. Ile habari ya kibao kirefu wazee wengi walishauriwa hivyo na madaktari wao, halafu utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2000 ukakuta mbwa wakubwa waliolishwa kwenye bakuli lililoinuliwa wanapatwa zaidi. Wataalamu bado wanavutana. Mimi nashauri chini sakafuni. Upo pia upasuaji wa kushona tumbo likashikamana na ukuta wa ndani wa mwili ili lisizunguke. Ukimpeleka Angus kwa daktari kwa jambo jingine, uliza bei. Hauzuii gesi kujaa, unazuia kujipinda, na kujipinda ndiko kunakoua.

Halafu usimpe makombo ya pilau. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, na zabibu kavu, kama mnatia, ni mbaya zaidi, zinaua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana. Waambie watoto, maana wa miaka mitatu ndiye mpishi mkuu wa mbwa katika kila nyumba.

Sasa eneo langu. Usimnyoe kwa mashine hata akikuudhi vipi. Manyoya ya mgongoni yamelala na yanateleza, maji na matope vikikauka vinadondoka vyenyewe. Kazi iko sehemu nne: nyuma ya masikio, kwapani, kinena, na zile suruali za nyuma. Manyoya ya nyuma ya sikio yakiachwa wiki mbili yanakuwa kama kamba, na wewe mtu wa mkonge unajua kamba ya katani ikishashika haifunguki. Mwagia maji yenye dawa ya kulainisha, shika fundo kwa vidole kwenye shina ili ngozi isivutwe, anza kuchana kutoka nchani ukirudi ndani. Kitana kiwe cha chuma, nusu meno mapana nusu membamba. Brashi peke yake inakudanganya, inapita juu juu, chini fundo linakua. Fanya mara tatu kwa wiki, jioni mkitazama televisheni, kila mara sehemu moja. Kuchana mbwa mzima kwa mkao mmoja ndiko kunakowafanya wakimbie wakiona kitana.

Ndani ya sikio punguza nywele zinazoziba tundu, na akitoka majini kausha. Masikio yale yanafunika, hewa haingii, yanaoza haraka. Kati ya vidole kata nywele ziwe sawa na nyayo.

Na hapo vidoleni ndipo kuna adui wa Moray asiyesemwa sana. Huko kwenu mashamba ya shayiri ya kutengenezea wiski yamejaa kila upande. Kuanzia mwezi wa sita mbegu kavu za nyasi na shayiri zina miiba inayoelekea upande mmoja tu. Ikiingia kati ya vidole au sikioni haitoki, inazidi kwenda ndani. Kila mkirudi pitisha vidole vyako kati ya vyake, kimoja kimoja. Akianza kulamba mguu mmoja tu, au kuinamisha kichwa upande mmoja, huenda kuna mbegu. Wakati huohuo mkague kupe. Kupe wa Uskoti wanaambukiza ugonjwa wa Lyme kwa mbwa na kwa watu, na watoto wako wanamkumbatia.

Mambo ya karatasi ni machache: badilisha jina la mwenyewe kwenye chipu yake, na kola iwe na kibati chenye jina na anwani yenu. Yote mawili ni sheria.

Baba mkwe hakumhasi? Kama hakumhasi, fikirieni kabla ya kufanya hivyo. Seta wengi wakihasiwa manyoya hugeuka sufi, hapo ndipo utanijua jina.

Abu_Sharifa_Leicester

Assalaam alaikum. Kinyozi kamaliza mengi, mimi nagusa la mama tu. Mimi si mufti, ni mtu wa Unguja niliyesomea chuoni kama sote.

Dada, sisi watu wa mwambao ni Mashafii, na kwa Mashafii mbwa ni najisi nzito: akikugusa kwa mate au mwili wenye unyevu unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakihamishi kitu. Angus mkavu akipita karibu na kanga kavu ya mama, hakuna la kuosha. Wenzetu Wamaliki wanamwona mbwa aliye hai kuwa ni tohara, kwa hiyo jambo lenyewe lina wasaa kuliko linavyosemwa barazani.

Na kumbuka ni mbwa gani huyo. Waliokatazwa kufuga wamewekewa ruhusa ya mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Suratul Maida aya ya nne inaruhusu kula mawindo ya wanyama waliofunzwa. Mwambie mama kwamba huyo alikuwa akifanya kazi hiyo milimani na baba mkwe wako, si pambo la sebuleni. Hapa Leicester mwaka 2008 msikiti mmoja ulimkubalia kijana asiyeona aje na mbwa wake wa kumwongoza, mbwa akatengewa nafasi yake mlangoni. Wazee walikaa wakazungumza wakaafikiana.

Kwa vitendo: chumba cha mama kiwe na geti la watoto mlangoni na Angus asikanyage humo kamwe, tangu leo, asije akafundishwa siku mama anapofika. Mikeka, mswala na jamvi vikae humo. Mwekee mama ndara zake za kupita ukumbini. Na mpigie simu sasa umweleze, asije kushtukizwa mlangoni baada ya safari ya kutwa nzima.

wa_Limuru

Sasa MamaZai. Mimi niko Limuru, nina seta wa Ireland, ndugu ya huyo wako lakini mwekundu mwili mzima. Hapa baridi inawafaa, ningekuwa Mombasa singethubutu.

Naongeza mawili. Hawa mbwa hukomaa pole pole. Wangu alikuwa na akili ya mtoto hadi alipopita miaka mitatu, kwa hiyo wewe una bahati, umepewa aliyeshavuka. La pili ni watoto. Hajawahi kuwauma wangu, lakini mkia! Mkia wa seta uko sawa kabisa na uso wa mtoto wa miaka mitatu, na vikombe vya chai mezani hamna kitu. Sisi tulihamisha meza. Pia tuliweka sheria moja: mbwa akiwa kwenye kitanda chake hakuna mtoto anayemgusa, hata awe anapendeza namna gani.

Na uliza kama baba mkwe alimpima macho. Seta wa Ireland na wa Gordon wote wana ugonjwa wa kurithi wa macho unaoanza na kushindwa kuona usiku, mara nyingi uzeeni. Kuna kipimo cha vinasaba.

MamaZai_Tanga

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili nikamsomea na mume wangu kwa simu.

Nimeenda kwa baba mkwe. Kinyozi, ulijuaje? Filimbi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la mvua, namba 211½, na kamba yake imeota ukungu. Alikaa wima kitandani akaanza kunifundisha kwa mikono: mlio mmoja mrefu na mkono juu ni kulala, miwili mifupi ni kugeuka, mingi ya haraka haraka ni kurudi. Nesi akaja kuuliza nani anapiga filimbi.

Leo nimekwenda naye ufukweni Lossiemouth na kamba ndefu. Kulikuwa na ndege wa pwani mbele. Nikapuliza mmoja mrefu nikainua mkono, na mbwa mzima akadondoka chini palepale kwenye maji ya chumvi, tumbo mchangani, ananitazama mimi. Mwanamke mmoja alisimama akanishangaa. Nilijiona jemadari.

Lakini nilipopuliza ya kurudi alikuja nusu njia, akasimama, akageukia ndege tena. Nikapuliza tena na tena, hakuja. Mwisho nikamvuta na kamba. Nakosea wapi? Na mama nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo mbwa anakula samaki.

KinyoziWaMbwa_Perth

Mlio wa kulala umeshika kwa sababu mzee aliusisitiza kila siku ya kazi, ndio breki ya gari. Wa kurudi ni dhaifu kwa seta wengi, usishangae. Ila usipulize tena na tena. Ukipuliza mara nyingi bila kitu kutokea unamfundisha kwamba mlio ule ni kelele za ufukweni tu. Puliza mara moja. Asipokuja, usiseme neno, shika kamba na umsogeze mpaka akufikie, kisha mpe kitu kitamu kama vile kaja mwenyewe. Wiki mbili za kwanza fanya bustanini pasipo na ndege, akiwa na njaa, dakika tano tu kwa mkupuo, halafu ndipo urudi ufukweni.

Na ukimwita akaja, mara nyingi mwachie aende tena. Ikiwa kila filimbi ya kurudi ina maana ya kufungwa kamba na kwenda nyumbani, hata mimi nisingekuja.

Akitoka Lossiemouth msuuze maji baridi, chumvi inakausha ngozi na kusokota manyoya. Masikio kausha. Samaki anaweza kula, dagaa au makrili aliyechemshwa bila chumvi, vitunguu wala miiba. Mwambie mama abebe mapishi yake, ila fungu la Angus litolewe kabla viungo havijaingia sufuriani.